Friji ya Bibi na Chupa Kumi za Maji

Leo, wanangu, nawaletea habari ya mashine iliyomo katika nyumba nyingi za Kampala, na wengi wanaoishi nayo hawajui kwamba ni pampu. Haipampu maji. Inapampu joto, usiku na mchana, na kwa kuwa inalipiwa kwa shilingi za watu, nataka mjue namna ya kupima kama inafanya kazi ya haki. Bibi na mjukuu mtakaowasikia nimewatunga mimi, na vipimo vyao ni vya mfano. Lakini mlima wanakokaa upo, kanuni wanazotumia ni za kweli, na yeyote kati yenu anaweza kupima vivyo hivyo nyumbani kwao.

Mlima wenyewe ni Old Kampala. Kapteni Frederick Lugard alipofika Buganda mwishoni mwa 1890 alijenga ngome yake hapo juu, na mji ukaanza kukua kuuzunguka mlima huo. Leo kileleni umesimama Msikiti wa Taifa, uliokamilishwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Libya. Ukishuka upande mmoja unaingia Kisenyi. Ukishuka mwingine unatokea Barabara ya Namirembe. Kiswahili husikika kila kona: cha Wanubi, cha Wasomali, cha Wakongomani, maana wakimbizi wengi walioingia mjini wamepitia kituo cha polisi cha Old Kampala kujiandikisha.

Basi kwenye mteremko huo aliishi bibi mmoja na mjukuu wake, binti wa shule. Bibi aliuza juisi ya ukwaju, na kila Ramadhani alikuwa na wateja wengi kabla ya futari. Friji yake ilikuwa kubwa, ya zamani, ya tangu kabla serikali haijakataza friji zilizotumika kuingizwa nchini, katazo lililotangazwa mwaka 2009. Ilipowaka ilinguruma, na ilipozima ilitikisika kidogo.

Siku moja, Idi ilipokwisha kupita, binti alirudi kutoka shuleni akamkuta Bibi amesimama mbele ya kile kidude cha Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, chenye vitufe, ameshika karatasi yenye namba za tokeni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu soma hapa. Juzi tu nimeweka uniti, na leo zinakaribia kwisha. Hii friji inanila. Nitaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu nikope nyingine."

"Bibi, tumejuaje kwamba ni friji?"

"Ni nini kingine? Taa mbili na birika?"

Bibi hakuwa mbali na ukweli. Katika nyumba ya taa mbili na birika, friji ndiyo inayokula umeme mwingi. Lakini kula sana ni jambo moja, na kufanya kazi vibaya ni jambo jingine. Fundi mjenzi anaweza kula sahani tatu za matoke akajenga ukuta mzima. Mwingine akala moja na asijenge chochote. Ili umhukumu, lazima ujue alichokula na alichofanya. Mita ya Yaka ilimwambia Bibi alichokula mtumishi wake. Hakuna kilichomwambia kazi aliyofanya.

Na kazi ya friji ni ipi? Watu husema inatengeneza baridi. Hapana, wanangu. Baridi haitengenezwi. Friji inachota joto lililo ndani ya sanduku, inalipandisha, na kulimwaga nje. Nenda nyuma ya friji ya kwenu inapokuwa inanguruma, usogeze kiganja karibu na yale mabomba membamba meusi. Utahisi joto. Sehemu ya joto hilo ilikuwa ndani ya maziwa na nyama yenu muda mfupi uliopita.

Joto likiachwa lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi, halirudi nyuma. Ukitaka lirudi, kutoka kwenye barafu kwenda jikoni, ni lazima utumie nguvu. Hapo ndipo kompresa inapoingia, kile chungu cheusi kilicho chini nyuma. Inasukuma gesi kwenye mabomba ya nyuma hadi ikabanwa sana. Gesi iliyobanwa inakuwa moto kuliko jikoni, basi inatoa joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye bomba jembamba mno na kutokea ndani ya friza, ambako hakuna shinikizo kubwa. Huko kinachemka. Ndiyo, kinachemka kwenye baridi! Gesi ya R134a, ambayo friji nyingi za rika la ile ya Bibi hutumia, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Na kitu kinapochemka hunywa joto. Hulichukua kwenye vyakula vilivyo jirani. Kisha gesi inarudi kwa kompresa, na safari inaanza upya. Mmarekani Jacob Perkins alipata hataza ya mashine ya namna hii mjini London mwaka 1834. Miaka 18 baadaye William Thomson, ambaye watu walikuja kumwita Lord Kelvin, alionyesha kwa hesabu kwamba mashine ya kupampu joto inaweza pia kupasha nyumba joto: ichote joto nje kwenye baridi, ilimwage ndani.

Hayo yote binti aliyajua kutoka darasani. Asilolijua ni namna ya kuipima friji ya Bibi. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, na mwalimu akamwazima kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, halafu friji ikachomekwa juu yake, kikahesabu umeme unaopita. Akamwazima pia kipimajoto. Akamwambia kitu kimoja zaidi: "Kabla hujapima usichokijua, pima kwanza unachokijua."

Basi akaanza na birika la umeme.

Alizima kila kitu ndani ya nyumba, hata friji. Akatia lita moja na nusu ya maji, akapima: nyuzi 24. Akawasha, akakimbilia kwenye mita ya Yaka ukutani. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa kinamweka mara ngapi kwa kila uniti. Ya Bibi iliandikwa 1000 imp/kWh. Soma ya kwenu, huenda ni tofauti. Uniti moja ni kilowati-saa moja, kwa hiyo kila mmweko kwenye mita ya Bibi ulikuwa wati-saa moja. Alihesabu kwa sauti mpaka maji yalipochemka, akapata 140.

Sasa angalieni hesabu, si ngumu. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama Mombasa. Kutoka 24 hadi 96 ni nyuzi 72. Zidisha 1.5 kwa 4.2 kwa 72, unapata kilojuli 454. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600, basi joto lililoingia kwenye maji ni wati-saa 126. Birika lilikula 140, likatoa 126. Gawanya: 0.9.

Ile sehemu iliyobaki ilipasha chuma cha birika na mvuke uliotoka. Hata ulifunike birika kwa blanketi na kulipigia hesabu ya mwisho, halitavuka 1. Birika linageuza umeme kuwa joto, na huwezi kupata joto zaidi ya umeme ulioutia. Binti aliandika 0.9 kwenye daftari, akajua kwamba mita na kichwa chake vinaelewana.

Friji ni kazi ya subira. Kitaa cha mita hakihesabiki kutwa nzima, ndiyo maana aliazimwa kile kifaa. Na kuna tatizo jingine ambalo lilimsumbua jioni nzima. Friji inakula umeme hata kama hujaweka kitu kipya ndani, kwa sababu joto la jikoni linapenya kuta zake na mlango wake bila kukoma. Ukiweka maji leo ukasoma kifaa kesho, utakuwa umechanganya umeme uliogandisha maji na umeme uliofukuza joto lililopenya. Utavitenganishaje?

Akafanya siku mbili. Siku ya kwanza hakuweka chochote kipya, mlango haukufunguliwa, akasoma kifaa baada ya saa 24: uniti 1.50. Siku ya pili, kwa saa ile ile, aliweka kwenye friza chupa kumi za plastiki za nusu lita zilizojazwa maji ya bomba, yaani lita tano. Alitumia chupa zenye nafasi juu, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Akabana kipimajoto katikati yake, akafunga.

"Na mimi nikitaka maziwa?" Bibi akauliza.

"Bibi, naomba leo tunywe chai ya rangi."

Bibi akakubali. Ukifungua mlango, hewa baridi inamwagika chini na hewa ya jikoni inaingia na unyevu wake, na kipimo kinaharibika. Umeme ukikatika nao ni vivyo hivyo, unaanza upya, na watu wa Kampala hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Hata hali ya hewa inahusika: ikiwa leo jua ni kali na kesho mvua inanyesha kutwa, siku zako mbili hazilingani. Alirudia zoezi lote mpaka aliporidhika kwamba namba zinakaribiana.

Siku ya maji, kifaa kilisoma 1.95. Toa 1.50, inabaki 0.45. Huo ndio umeme uliotumika kwa ajili ya maji peke yake.

Na kazi iliyofanyika? Maji yalianza kwenye nyuzi 24 na kuishia barafu ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kuyapoza hadi sifuri: 5 mara 4.2 mara 24, kilojuli 504. Kuyagandisha: kila kilo ya maji ya sifuri lazima iachie kilojuli 334 ndipo iwe barafu, ingawa kipimajoto hakisogei hata kidogo, kilo tano ni kilojuli 1,670. Oneni jinsi kuganda kwenyewe kulivyo mzigo mkubwa kuliko kupoa. Mwisho, kuipoza barafu hadi 15 chini ya sifuri: barafu hutaka kilojuli 2.1 tu kwa kilo kwa nyuzi moja, basi 158 hivi. Jumla ni kilojuli 2,332, ambazo ni uniti 0.65.

Umeme uliotumika 0.45. Joto lililohamishwa 0.65. Gawanya: 1.44.

Binti aliitazama namba hiyo akaifuta. Akaanza tena, akapata ile ile. Birika halikufika 1, friji kuukuu imevuka? Alihofia ameharibu kitu.

Hakuharibu. Fikirini vijana wanaopandisha maji Old Kampala kwa baiskeli, jerikeni zimefungwa kila upande. Maji hayapandi mlima yenyewe, kwa hiyo unampa kijana chakula ili ayapandishe. Chakula alichokula hakikugeuka maji. Kinaweza kuwa nusu kilo, na maji aliyopandisha yakawa kilo mia. Friji nayo haigeuzi umeme kuwa baridi. Inautumia umeme kupandisha joto ambalo tayari lilikuwepo. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mzigo lazima uwe mdogo kuliko ujira. Ile 1.44 ndiyo alama ya pampu: kwa kila uniti moja uliyolipia, uniti 1.44 za joto zimehamishwa.

Kikomo kipo, lakini, na aliyekigundua ni Mfaransa kijana, Sadi Carnot, katika kitabu alichotoa mwaka 1824, akiwa bado hajafika miaka 30. Kikomo kinategemea urefu wa mlima, yaani tofauti ya joto kati ya unapochota na unapomwaga. Chukua joto la friza kwa kipimo cha Kelvini, kinachoongeza 273 juu ya nyuzi zetu: nyuzi 18 chini ya sifuri ni 255. Jikoni kwenye nyuzi 26, tofauti ni 44. Gawanya 255 kwa 44, unapata 5.8. Hakuna fundi wala kiwanda duniani kitakachoivusha friji 5.8 jikoni humo. Mashine halisi hubaki mbali chini yake, kwa sababu ya msuguano, na kwa sababu mabomba ya nyuma lazima yawe moto kuliko jikoni ndipo yaachie joto. Kadiri yanavyozidi kuwa moto, mlima unazidi kurefuka. Likumbukeni hili la mabomba, tutalihitaji.

Hapa nasimama kidogo niwavushe bahari. Wapo watu waliokaa Kisenyi na Old Kampala wakisubiri makaratasi, na leo wanaishi Norway, Uswidi au Finland. Huko pampu za joto ni jambo la kila siku majumbani, kwa kupasha nyumba. Mashine ni ile ile ya Bibi, ila sanduku la baridi ni dunia nzima nje ya dirisha, na mabomba ya moto yako sebuleni. Kwao kinachohesabiwa ni joto linalomwagwa, na hapo namba inapendeza zaidi, maana umeme wenyewe nao huishia kuwa joto na kujumlishwa. Friji ya Bibi ilichota 0.65, ikala 0.45, ikamwaga jikoni 1.10. Ukiihesabu kama kipasha-joto cha jikoni imepata 2.44, ambayo ni 1.44 na moja juu yake. Daima ni moja juu yake. Na ndiyo sababu ukiacha mlango wa friji wazi ili upoze chumba, chumba kitazidi kuwa na joto.

Kwenye nyumba zinazopashwa kwa maji ya mabomba, wapimaji hawahitaji chupa. Wanaweka kifaa kinachopima maji yanapita lita ngapi, na vipimajoto viwili, cha maji yanayokwenda na cha yanayorudi. Tuseme lita 15 kwa dakika, yanakwenda na nyuzi 40, yanarudi na 35. Zidisha 15 kwa 4.2 kwa 5: kilojuli 315 kila dakika, sawa na kilowati 5.25. Ikiwa mashine inakula kilowati 1.5, namba yake ni 3.5. Lakini nje kukishuka nyuzi 15 chini ya sifuri, mlima unarefuka na namba inaporomoka, pengine hadi 2. Kwa hiyo kipimo cha siku moja huko kinadanganya. Wanaojali hujumlisha joto la mwaka mzima na kuligawa kwa umeme wa mwaka mzima. Sisi wa Kampala tuna bahati, mwezi mmoja haupishani sana na mwingine.

Turudi kwa Bibi. Alisikiliza, akauliza swali ambalo ndilo kiini cha hadithi hii:

"Kama pampu ni nzima, mbona uniti zinakwisha?"

Binti akafungua daftari kwenye ile 1.50. Hiyo ni siku ambayo friji haikupewa kazi yoyote. Pampu inayohamisha 1.44 kwa kila uniti, ikila 1.50, imetoa nje uniti 2.16 za joto. Joto hilo limetoka wapi, na hakuna kilichowekwa ndani? Limepenya. Akapiga hesabu akamwonyesha: ni joto la kutosha kugandisha karibu lita 17 za maji. Kila siku friji ilikuwa inafanya kazi ya kugandisha lita 17 ili tu ibaki pale ilipo. Pampu haikuwa na kosa. Sanduku lilikuwa linavuja.

Wakatafuta penye tundu. Binti alichukua noti ya shilingi elfu, akaibana kwenye mlango, akaivuta. Juu ilishika. Pembeni ilishika. Kona ya chini, upande wa bawaba, ilitoka bila kuvutwa. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka, na ndani ya friza kuta zilikuwa na theluji nene. Theluji ile ilikuwa unyevu wa hewa ya jikoni. Kila gramu ya mvuke inayogeuka theluji humo ndani huacha joto zaidi ya mara nane ya lile la gramu ya maji ya sifuri inapoganda.

Akaitwa fundi wa friji kutoka bondeni. Fundi alisikiliza mngurumo, akagusa mabomba, akasema gesi imepungua, aongeze.

"Samahani, fundi," binti akasema, "imegandisha lita tano kwa siku. Hizi hapa namba."

Fundi akachukua daftari. Alisoma ukurasa wote, akarudi kugusa mabomba kuanzia juu hadi chini, yote yalikuwa na joto sawasawa, akasema, "Kweli. Gesi ipo." Nampenda fundi huyu, kwa sababu alikuwa radhi kuhukumiwa na kipimo. Na ni vizuri hakufungua bomba bure. R134a ikitoroka, kilo moja yake hupasha dunia sawa na takriban tani 1.4 za kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana nchi za dunia zilikutana hapa kwa majirani zetu, Kigali, Oktoba 2016, zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Friji mpya nyingi hutumia R600a, isiyodhuru hali ya hewa kiasi hicho, ila inashika moto. Basi msichezee mabomba hayo kwa kisu mnapobandua barafu.

Fundi alibadilisha mpira wa mlango, theluji ikayeyushwa. Binti aliomba jambo moja: friji isisogezwe, ibaki pale pale ilipogandamizwa ukutani, mpaka apime. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua lipi lililosaidia. Akapima siku bila maji: kutoka 1.50 imeshuka hadi 1.20. Siku ya maji, ziada ilikuwa 0.45, namba ile ile, 1.44. Mpira ulikuwa umeziba sanduku, pampu haukuigusa.

Ndipo wakaivuta friji mbele, kiasi cha kiganja na vidole, hewa ipite nyuma kwenye yale mabomba meusi. Siku bila maji: 1.10. Siku ya maji, ziada 0.41. Gawanya 0.65 kwa 0.41: 1.58. Safari hii pampu yenyewe imekuwa bora, kwa sababu mabomba yamepoa na mlima umefupika.

Bibi alitaka kujua ni shilingi ngapi. Kutoka 1.50 hadi 1.10 ni uniti 0.40 kwa siku, 12 kwa mwezi. Tukichukulia bei ya shilingi 750 kwa uniti, ni shilingi 9,000 kila mwezi. Mpango wa kukopa friji nyingine ukaachwa.

Binti alikuwa na hesabu moja zaidi ya kuthibitisha. Mpira ulipokwisha kuwekwa, joto lililopenya kwa siku lilikuwa 1.20 mara 1.44, yaani 1.73. Friji iliposogezwa, lilikuwa 1.10 mara 1.58, yaani 1.74. Kusogeza friji hakuwezi kuzuia joto lisipenye kwenye kuta zake, kwa hiyo namba hizo mbili zilipaswa kufanana, na zilifanana. Fundi alipoonyeshwa hilo aliuliza kama mwalimu anaweza kumwazima kile kifaa cha soketi siku mbili. Kule Kisenyi alikuwa na mteja anayetaka kuongezewa gesi kwa mara ya tatu.